AFYA YAKO UGHAIBUNI: Kidonda cha kushonwa hakingoji kesho

Leo katika safu yetu tutazungumzia jambo linaloweza kumkuta yeyote kati yetu, awe anakatakata vitunguu jikoni, anabeba maboksi ghalani au anakwenda shifti ya usiku kwa baiskeli: kukatwa, na kidonda kikahitaji kushonwa.

Nimechagua mada hii kwa sababu ya kisa kimoja. Mimi ni muuguzi hapa Uingereza. Jumapili moja jioni alikuja ndugu yetu mmoja anayefanya kazi katika jiko la mgahawa. Ijumaa usiku kisu kilikuwa kimemteleza kikamkata chini ya kidole gumba. Wenzake kazini walimwambia aende hospitali. Akakataa. Alirudi nyumbani, akamimina unga wa kahawa kwenye kidonda kama alivyoshauriwa na jamaa anayeishi naye, akafunga kitambaa, akalala. Nilipomuuliza kwa nini hakuja siku ile ile, aliinama akasema kwa sauti ya chini: "Dada, visa yangu imekwisha. Niliogopa watanidai pesa, halafu waniulize makaratasi."

Kidonda ambacho Ijumaa kingesafishwa na kushonwa kwa muda usiozidi saa moja, Jumapili kilikuwa kimevimba na kutoa usaha. Hakikushoneka tena. Ilibidi alazwe, apewe dawa za mshipa na apelekwe chumba cha upasuaji mkono ukasafishwe. Ndipo ikagundulika kwamba kano ya kidole ilikuwa imekatika tangu siku ya kwanza. Na bili aliyoikimbia ilimfuata kwa sababu alilazwa, kama nitakavyoeleza hapa chini.

Basi tuelezane: kushona ni nini, kidonda gani kinashonwa na kipi hakishonwi, utafanyiwa nini ukifika hospitali, na ujitunze vipi baadaye.

KWANZA: UFANYE NINI PALE PALE ULIPOKATWA

1. Nawa mikono kama unaweza, kisha chukua kitambaa safi ubonyeze kidonda kwa nguvu kwa dakika 10 mfululizo. Wengi wetu tunabonyeza dakika moja, tunafunua kuchungulia, tunabonyeza tena. Kila ukifunua unaling'oa donge la damu lililokuwa linaanza kuziba. Tazama saa, usifunue.

2. Inua sehemu iliyoumia juu kuliko moyo. Kama ni mkono, vua pete, bangili na saa mapema kabla vidole havijavimba.

3. Damu ikishasimama, osha kidonda kwa maji safi ya bomba yanayotiririka. Maji ya bomba ya hapa yanatosha. Huna haja ya kumwaga spiriti wala dawa kali za kufanyia usafi, maana zinaunguza nyama hai iliyo ndani.

4. Usiweke kahawa, dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa wala unga wowote. Najua bibi zetu walitumia baadhi ya vitu hivi, na damu ilisimama. Lakini damu ingesimama hata kwa kubonyeza peke yake. Unga ule unabaki ndani ya kidonda, unafuga vijidudu, na sisi hospitalini inabidi tuuchokonoe wote kabla ya kufanya chochote.

5. Kama kitu kimezama mwilini, kwa mfano kisu au kipande kikubwa cha kioo, usikichomoe. Huenda ndicho kinachozuia damu isitoke. Bonyeza pembeni yake, na upige simu ya dharura.

6. Kama kidole kimekatika kabisa, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevunyevu, kiweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mfuko huo uuweke juu ya barafu. Kisigusane na barafu moja kwa moja, barafu inaua nyama. Nenda nacho hospitali.

Kama damu inaruka kwa mapigo au haikomi hata baada ya kubonyeza dakika 10, piga simu ya gari la wagonjwa: Uingereza ni 999, nchi za Umoja wa Ulaya 112, Marekani 911, Oman 9999, na Falme za Kiarabu 998.

JE, NI KIDONDA GANI KINAHITAJI KUSHONWA?

Mkwaruzo hauhitaji uzi. Hata kidonda kidogo ambacho midomo yake inakutana yenyewe huweza kupona kwa plasta tu. Lakini nenda ukaonwe siku hiyo hiyo kama:

- kidonda kinaachama, midomo haikutani, au unaona mafuta ya manjano au nyama ndani yake;
- kiko usoni, kwenye kiganja, kwenye vidole au juu ya kiungo kama goti na kiwiko;
- huwezi kukunja au kunyoosha kidole, au sehemu fulani imekufa ganzi;
- unahisi kuna kioo, mti au uchafu umebaki ndani;
- umeumwa na mnyama au na binadamu;
- aliyeumia ana kisukari, anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au kinga yake ya mwili ni dhaifu.

Hilo la kidole kufa ganzi au kutokunjika lizingatie sana. Kwenye mkono, mishipa ya fahamu na kano zinapita karibu kabisa na ngozi. Kidonda kinaweza kuonekana kidogo kwa nje, sentimeta moja tu, kumbe ndani kano imekatika. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule ndugu yetu.

KUSHONA KUNASAIDIA NINI?

Watu wengi hudhani uzi ndio unaoponya. Sivyo. Mwili ndio unaojiponya, uzi kazi yake ni kushikilia kingo mbili za kidonda zikae pamoja wakati mwili unajenga. Pengo likiwa dogo, mwili una kazi ndogo ya kujaza, kidonda kinapona haraka na kovu linakuwa jembamba.

Msidhani pia kwamba jambo hili lililetwa kwetu na wageni. Mwaka 1879 Mwingereza mmoja aliyekuwa na mafunzo ya udaktari, Robert Felkin, alikuwa Kahura, katika nchi ya Bunyoro ambayo leo iko Uganda. Huko alishuhudia mganga wa kienyeji akimpasua mama mjamzito na kumtoa mtoto. Mganga aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi. Alipomaliza, alifunga kidonda kwa pini saba nyembamba za chuma zilizong'arishwa vizuri, akazizungushia kamba za magome ya mti. Pini hakuziacha humo. Siku ya tatu alitoa tatu, siku ya tano akatoa tatu nyingine, na ya sita akatoa ya mwisho. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Felkin aliyaandika haya katika jarida la madaktari la Edinburgh mwaka 1884.

Angalieni mambo matatu aliyoyajua mganga yule: safisha kwanza, funga mara moja, toa kwa wakati wake. Miaka zaidi ya 140 imepita, vifaa vimebadilika, lakini mambo ni yale yale matatu.

UKIFIKA HOSPITALI UTAFANYIWA NINI?

Hapa Uingereza si kila kidonda kinapelekwa kitengo cha dharura cha hospitali kubwa, yaani A&E. Kuna vituo vya majeraha madogo na vituo vya huduma ya haraka ambako wauguzi wanashona vizuri kabisa, na mara nyingi foleni ni fupi. Ukiwa huna hakika uende wapi, piga 111 bure, mchana au usiku. Ukiwa hujiamini kwa Kiingereza, omba mkalimani wa Kiswahili. Ni huduma ya bure, na si lazima umtumie mtoto wako akutafsirie.

Maswali. Utaulizwa umekatwa na nini, saa ngapi, una mzio wa dawa gani, unatumia dawa gani, una ugonjwa gani, unatumia mkono upi kuandikia na unafanya kazi gani. Wakikuuliza kazi hawakupelelezi. Fundi cherehani aliyekatwa kidole anatazamwa kwa makini ya aina yake. Na kama uliweka kahawa au dawa ya kienyeji, sema. Hatutakucheka.

Uchunguzi. Kabla ya ganzi utaambiwa ukunje na kunyoosha kila kidole, na utaguswa huku na huku uulizwe kama unahisi sawasawa. Usijibu "ndiyo, ndiyo" kwa heshima tu. Kama upande mmoja unahisi tofauti, sema. Hii ndiyo nafasi ya kugundua mshipa uliokatika, maana ganzi ikishachomwa hatutaweza kujua. Kama ulikatwa na kioo unaweza kupigwa eksirei, kwa sababu kioo huonekana kwenye picha. Kipande cha mti aghalabu hakionekani, hivyo usiache kusema kama kilikuwa mti.

Ganzi. Sindano ya ganzi inachoma kama pilipili kwa sekunde kadhaa, halafu inatulia. Baada ya dakika chache hutasikia maumivu, ila utahisi kuvutwa na kusukumwa. Hiyo ni kawaida. Ukisikia maumivu makali, sema uongezewe, usijikaze kiume. Ganzi huisha baada ya saa moja au mbili hivi, kwa hiyo meza dawa ya maumivu kabla haijaisha. Kwa watoto mara nyingi hupakwa jeli ya ganzi juu ya kidonda ili kupunguza sindano.

Kuosha. Hapa ndipo muda mwingi unapotumika, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kidonda kinaoshwa kwa maji mengi yanayosukumwa kwa bomba la sindano, uchafu unatolewa, na nyama iliyokufa inakatwa. Kidonda kilichooshwa vizuri na kushonwa kwa haraka haraka kina heri kuliko kilichoshonwa kwa ustadi juu ya uchafu.

Kushona. Sindano yake si kama ya nguo. Imepinda kama mwezi mchanga na inashikwa kwa koleo dogo. Kila mshono hufungwa fundo lake peke yake, ukakatwa, ukafuata mwingine. Kuna sababu mbili. Mmoja ukikatika, mingine inabaki imeshika. Na kama usaha ukitokea sehemu moja, tunatoa nyuzi za pale tu bila kufumua kidonda chote. Kingo hazivutwi kwa nguvu, zinakutanishwa tu. Ukivuta sana unaibana damu isifike, na ngozi inakufa.

Kidonda kikiwa kirefu kwenda chini, kuna nyuzi za ndani zinazoyeyuka zenyewe baada ya wiki kadhaa, hizo hazitolewi. Zile za nje kwa kawaida ni za nailoni au mfano wake, haziyeyuki, lazima zitolewe. Kabla hujaondoka uliza: "Nyuzi zangu ni za kuyeyuka au za kutolewa? Ziko ngapi? Zitolewe siku gani?" Andika majibu.

"WAMENIPAKA GUNDI TU KWA SABABU MIMI MGENI"

Malalamiko haya nimeyasikia si mara moja. Mtu anakwenda na mtoto aliyepasuka paji la uso, anatarajia ashonwe, muuguzi anapaka gundi na kumwambia arudi nyumbani. Mzazi anaona amedharauliwa. Ndugu zangu, si dharau. Kwa kidonda kidogo, kilichonyooka, kisichovutwa na kiungo, gundi ya ngozi hutoa kovu zuri sawa na uzi, tena bila sindano na bila kurudi kutoa nyuzi. Mtoto wa Mwingereza naye anapakwa hiyo hiyo.

Gundi hubanduka yenyewe baada ya siku 5 hadi 10. Usiibandue, usiilowanishe kwa muda mrefu, na usiipake mafuta ya mgando kwa sababu mafuta huiyeyusha. Aina nyingine ni vipande vyembamba vya plasta vinavyovuta kingo, na pini za chuma ambazo hupenda kutumika kichwani kwenye nywele. Kila kimoja kina mahali pake. Ukiwa na wasiwasi, uliza kwa upole: "Kwa nini umechagua njia hii?" Kuuliza ni haki yako.

KWA NINI VIDONDA VINGINE HAVISHONWI?

Hili nalo linawashangaza watu. Mtu ameumwa na mbwa mkononi, kidonda kinaonekana wazi, daktari anakiosha, anampa dawa, anakataa kukishona. Sababu yake ni nyepesi. Meno huingiza vijidudu ndani kabisa. Ukishona juu yake ni sawa na kumfungia mwizi ndani ya nyumba, ukaenda kulala. Kesho utakuta ameharibu kila kitu. Hivyo kidonda kilichoumwa mkononi, kilichojaa uchafu, au ambacho tayari kina usaha, huachwa wazi kwa makusudi. Baadaye, siku ya 3 hadi ya 5 hivi, kikiwa kimetakata, kinaweza kushonwa. Vingine vinaachwa vijae vyenyewe kutoka chini.

Na hapa ndipo muda unapoingia. Kidonda kisafi cha kisu mara nyingi kinaweza kushonwa ndani ya saa 12, na pengine hata 24, hasa usoni ambako damu inapita kwa wingi. Lakini kila saa inayopita vijidudu vinaongezeka. Ukija mapema, daktari ana njia nyingi za kuchagua.

Neno moja kwa mnaokwenda likizo nyumbani. Hapa Uingereza mbwa hawana kichaa cha mbwa. Afrika Mashariki kipo. Ukiumwa na mbwa, paka au mnyama mwingine huko, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda ukaanze chanjo siku hiyo hiyo. Usingoje kumaliza harusi wala kurudi Ulaya. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua.

PEPOPUNDA: ULIZA KUHUSU CHANJO

Vijidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na vinapenda kidonda kirefu kisichopata hewa. Dalili hutokea kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 21. Taya linakaza, mwili unakakamaa. Kushonwa peke yake hakuzuii hayo.

Hapa Uingereza mtu huhesabiwa amekamilisha akipata dozi 5 maishani. Wengi wetu tulichanjwa utotoni, na akina mama waliongezewa wakati wa ujauzito, lakini kadi zilibaki kwenye sanduku la mama kijijini au zilipotea. Wakikuuliza, usikisie. Sema ukweli: "Sina kumbukumbu." Utachanjwa, na kama kidonda ni kichafu unaweza kuongezewa sindano ya kinga ya haraka. Ukipewa chanjo, andika tarehe kwenye simu yako. Na kama hujakatwa bado, muulize muuguzi wa GP wako akukamilishie dozi zilizobaki.

MALIPO NA MAKARATASI

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, basi someni kwa makini. Katika England, matibabu yanayotolewa ndani ya A&E ni bure kwa kila mtu, awe na visa au asiwe nayo. Kujiandikisha kwa GP nako ni bure, na kisheria si lazima uonyeshe hati ya uhamiaji wala uthibitisho wa anwani. Kuoshwa kidonda na kushonwa hapo A&E, hulipi.

Gharama inaanza pale mtu asiye na haki ya ukazi anapolazwa wodini au kupewa miadi ya baadaye ya hospitali. Hapo anaweza kudaiwa. Na deni la paundi 500 au zaidi, likikaa miezi miwili bila kulipwa wala kukubaliana namna ya kulipa, linaweza kuathiri maombi yako ya visa ya baadaye. Wapo wanaosamehewa, kama vile wanaoomba hifadhi, kwa hiyo ukipelekewa bili usijifiche, tafuta ushauri na uongee nao.

Sasa rudini kwenye kisa cha yule ndugu. Angekuja Ijumaa usiku, kidonda kingeoshwa na kushonwa A&E bila senti moja. Kano nayo ingegundulika mapema, kabla ya usaha kuingia. Alikuja Jumapili, akalazwa, akaletewa bili. Woga wa deni ndio uliomzalia deni.

Kwa mlioko Marekani: sheria ya mwaka 1986 inazitaka hospitali nyingi zenye kitengo cha dharura kumchunguza na kumtuliza mgonjwa wa dharura hata kama hana pesa wala makaratasi. Bili itakuja baadaye, lakini unaweza kuomba msamaha au punguzo. Kwa mlioko Ghuba: kama uliumia kazini, mjulishe msimamizi siku hiyo hiyo na uweke nakala ya karatasi ya hospitali. Itakusaidia ukija kudai matibabu.

KUJITUNZA BAADA YA KUSHONWA

Siku mbili za mwanzo: usilowanishe kidonda. Baada ya hapo, kwa kawaida unaweza kuoga maji ya kutiririka kwa muda mfupi, kisha ukaushe kwa kugusagusa na kitambaa safi bila kusugua. Usikae kwenye beseni wala kuogelea mpaka nyuzi zitoke. Waislamu wameniuliza kuhusu udhu: bandeji ibaki kavu kwa siku ulizoambiwa, na mwalimu wako wa dini atakueleza namna ya kupaka maji juu yake au kutayamamu.

Inua mkono au mguu ulioshonwa ukiwa umekaa. Usibebe vitu vizito. Kama kazi yako ni ya maboksi au ya jikoni, mwambie bosi. Hapa Uingereza, kwa siku 7 za kwanza za ugonjwa unajaza maelezo yako mwenyewe bila kuhitaji barua ya daktari.

Dalili za hatari. Vijikaratasi vya hospitali huandika "tazama kama ngozi imekuwa nyekundu". Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Ngozi huweza kuwa nyeusi zaidi, ya zambarau au ya kung'aa. Kwa hiyo tumia mkono wako: gusa kuzunguka kidonda kwa nyuma ya kiganja, kisha gusa sehemu kama hiyo upande wa pili wa mwili. Rudi haraka ukaonwe kama:

- joto na uvimbe vinaongezeka badala ya kupungua;
- maumivu ya siku ya tatu ni makali kuliko ya siku ya kwanza;
- kunatoka usaha au harufu mbaya;
- mstari unapanda kutoka kwenye kidonda kuelekea moyoni, au tezi za kwapa au nyonga zimevimba;
- una homa au unatetemeka.

KUTOA NYUZI

Kwa kawaida nyuzi za usoni hutolewa siku ya 3 hadi 5. Za kichwani na sehemu nyingi za mwili siku ya 7 hadi 10. Za kwenye viungo kama goti na kiwiko, na mara nyingi za miguuni, siku ya 10 hadi 14. Fuata siku ulizopewa wewe. Anayetoa aghalabu ni muuguzi wa GP, na miadi inachukua siku kupatikana, basi piga simu kesho yake tu baada ya kushonwa, usingoje siku ya tisa.

Wapo wanaojitolea wenyewe kwa mkasi wa kucha. Tafadhali, usifanye hivyo. Uzi unakatwa karibu na ngozi ili ile sehemu iliyokuwa nje, yenye uchafu, isipite ndani ya mwili inapovutwa. Ukikata ovyo unapitisha uchafu ndani au unaacha kipande. Na wapo wanaosahau kabisa. Nyuzi zikikaa mno, ngozi inaota juu yake na kuacha alama kama ngazi. Kama una safari ya nyumbani katikati, omba barua inayosema idadi ya nyuzi na tarehe ya kuzitoa. Zahanati ya huko itakutolea.

Nyuzi zikitoka, usidhani umeshapona kabisa. Baada ya wiki tatu kidonda kina takriban sehemu moja ya tano tu ya nguvu ya ngozi ya kawaida. Baada ya miezi mitatu hufikia kama asilimia 80. Usirudie mizigo mizito kwa pupa.

MAKOVU YA KUVIMBA

Sisi watu wa asili ya Afrika tunapata zaidi lile kovu linalovimba na kutambaa nje ya kidonda, hasa kifuani, mabegani, kwenye taya na ndewe za masikio. Kama wewe au ndugu zako mnayo, mwambie anayekushona kabla hajaanza. Ukiona kovu linaanza kunyanyuka, linawasha na linaendelea kukua, nenda kwa GP mapema. Kuna plasta na jeli za silikoni, na kuna sindano zinazochomwa ndani ya kovu. Usikubali likatwe tu bila tiba nyingine, maana mara nyingi hurudi kubwa kuliko lilivyokuwa. Likinge na jua. Na usipake mkorogo! Hauondoi kovu, unaharibu ngozi iliyolizunguka. Kovu la kawaida huendelea kufifia kwa mwaka mmoja au zaidi, hivyo vuta subira.

KWA KUMALIZIA

Yule ndugu yetu alipona, lakini kidole gumba chake hakikunji sawasawa mpaka leo, na kushika kisu kunamsumbua. Aliniruhusu nisimulie kisa chake bila jina lake, ili mwingine asirudie kosa hilo. Alisema, "Waambie wasingoje kama mimi."

Basi nimewaambia. Ukikatwa: bonyeza, osha, nenda. Ukiwa na mwenzako nyumbani anayeficha kidonda kwa sababu ya makaratasi, msomee makala hii, halafu msindikize. Mara nyingine mtu anahitaji tu wa kukaa naye kwenye foleni.

Maelezo haya ni ya kuelimishana na hayachukui nafasi ya daktari au muuguzi aliyekiona kidonda chako. Mwenye swali alete, tutalijibu katika safu zijazo.